KIJANA AMIRI KATIKA KAMBI YA AKKA
Maisha ya kila siku na malezi ya dini wakati wa mzingiro wa mwaka 585–587 Hijria

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake, na wenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Kiyama. Ama baad.

Mwanafunzi anayesoma habari za Vita vya Msalaba amezoea kusoma habari za siku kubwa: siku ya Hittin, siku ya kufunguliwa Baitul-Maqdis, siku ya kuanguka mji wa Akka. Siku hizo ni chache, huhesabika kwa vidole. Lakini mzingiro wa Akka peke yake ulichukua siku zipatazo 680, tangu mwezi wa Rajab mwaka 585 Hijria (Agosti 1189) mpaka Jumadal-Akhira mwaka 587 (Julai 1191). Kati ya siku hizo, za mapambano makubwa zilikuwa kidogo. Zilizobaki zilikuwa za zamu, matope, maradhi, kungojea meli, kulisha farasi na kuswali chini ya mahema.

Katika makala haya tumekusudia kuzitazama siku hizo zilizobaki, na hasa tuwatazame vijana waliopewa uamiri wakiwa na umri wa miaka 17 au 20. Tunaamini kuwa humo, ndugu msomaji, ndimo ilimopimwa dini yao. Tena tutaonyesha kuwa Akka haikupotea kwa kukosekana ushujaa. Ilipotea kidogo kidogo katika mambo ambayo watu huyaona madogo.

MJI MMOJA, KAMBI MBILI

Baada ya ushindi wa Hittin mwaka 583 (1187) Sultani Salahuddin Al-Ayyubi, Allah amrehemu, aliuchukua mji wa Akka, kisha mwezi 27 Rajab mwaka huo huo akaingia Baitul-Maqdis. Mfalme wa Mafaranji, Guy de Lusignan, alikuwa mateka wake. Sultani alimwachia huru baada ya kula kiapo kuwa hatapigana tena. Kiapo hicho hakikudumu. Mwezi wa Rajab 585 Guy alitoka upande wa Sur na jeshi lake, akapiga kambi nje ya kuta za Akka.

Ndani ya mji walikuwamo askari wa Kiislamu. Nje ya kuta walikuwapo Mafaranji wakiwazingira. Salahuddin akaja na majeshi yake, akapiga kambi nyuma ya Mafaranji, kutoka Tell Kaysan mpaka Al-Ayyadiyya. Kwa hiyo aliyezingira naye akazingirwa. Lakini Mafaranji walikuwa na bahari nyuma yao, na kila meli iliyotoka Ulaya ilileta watu na chakula, na ndiyo sababu Sultani hakuweza kuwamaliza.

Shahidi wetu mkubwa katika habari hizi ni Kadhi Bahauddin Ibn Shaddad. Alizaliwa Mosul mwaka 539, akasomesha katika Madrasa Nidhamiyya ya Baghdad, na mwaka 584 akaingia katika utumishi wa Sultani akiwa kadhi wa jeshi. Alikaa kambini, akaandika aliyoyaona kwa macho yake.

Na vijana? Tuanze na wana wa Sultani wenyewe. Al-Malik Al-Afdal alizaliwa mwaka 565, kwa hiyo alikuwa na miaka 20 hivi mzingiro ulipoanza. Ndugu yake, Al-Malik Al-Dhahir Ghazi, alizaliwa mwaka 568. Alikabidhiwa Halab angali mtoto, na alipowasili kambini na majeshi yake mwaka 586 alikuwa na miaka 17 au 18. Pamoja nao walikuwapo maamiri wengine, Wakurdi na Waturuki, kila mmoja na kikosi chake.

Inafaa msomaji ajue namna maamiri hao walivyokuwa wakilipwa. Amiri alipewa iqta, yaani haki ya kuchukua mapato ya ardhi fulani, na kutokana na mapato hayo alitakiwa kuwalisha askari wake, kununua farasi na kutengeneza silaha. Vita vikiisha kwa msimu mmoja, amiri hurudi kusimamia mavuno yake. Vita vikiendelea mwaka wa pili, mapato hupungua, farasi hufa, madeni huongezeka. Jambo hili tulishike, kwani tutalirudia.

ZAMU, NGOMA NA SWALA

Kazi ya kila siku ya amiri kambini ilikuwa zamu ya ulinzi wa mbele, waliyoiita yazak. Vikosi vilipokezana kukaa kati ya kambi ya Waislamu na handaki la Mafaranji, usiku na mchana. Mafaranji walipoushambulia mji, walinzi wa mjini walipiga ngoma kubwa, ngoma za kambini zikajibu, na kila amiri akapanda farasi na watu wake ili kumsumbua adui kwa nyuma, apate kuacha kuta. Jambo hili lilitokea mara nyingi sana, na amiri aliyelala bila ya kutayarisha farasi wake alijulikana.

Vijana hao walikuwa na mfano mbele ya macho yao. Ibn Shaddad anasimulia kuwa alimwona Sultani katika bonde la Akka akiwa na majipu mengi kutoka kiunoni mpaka magotini, hata hawezi kukaa. Ndani ya hema alikuwa akilala ubavu, na chakula kilipoletwa alikataa kitandikwe mbele yake kwa kuwa hawezi kukaa, akaamrisha wagawiwe watu. Pamoja na hayo alipanda farasi tangu asubuhi mpaka Adhuhuri, na tangu Alasiri mpaka Magharibi, akizungukia vikosi. Kadhi alipostaajabu, Sultani alimjibu kuwa maumivu humwondoka akiwa juu ya farasi mpaka ateremke.

Katika swala Ibn Shaddad anashuhudia kuwa Sultani alishikamana sana na jamaa, na hata alipokuwa mgonjwa alimwita imamu peke yake, akajikaza kusimama na kuswali nyuma yake. Hata Hadithi za Mtume (S.A.W.) zilisomwa mbele yake kati ya safu mbili za majeshi, watu wakiwa juu ya farasi, baada ya kuambiwa kuwa Hadithi zimesomwa katika kila mahali patukufu isipokuwa hapo.

Hapa ndugu zetu wanafunzi wanaosoma Minhaj ya Imam An-Nawawi watajiuliza: je, watu waliokaa kambini miezi na miezi, wanapunguza swala au wanakamilisha? Katika madhehebu ya Imam Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika. Ama anayekaa kwa kungojea haja ambayo huenda ikatimia wakati wowote, huyo anapunguza mpaka siku 18, na iko kauli ndani ya madhehebu kuwa hupunguza daima maadamu anangojea. Mahanafi wanasema jeshi lililo katika nchi ya adui hupunguza hata likikaa muda mrefu, kwa kuwa nia yake ya kukaa si thabiti. Na imepokewa kuwa Ibn Umar (R.A.) alipunguza miezi sita huko Azerbaijan, theluji ikiwa imemzuilia njia. Ama namna ya kuswali wakati adui yuko mbele, Qurani imeieleza katika Suratun-Nisaa, aya ya 102: kundi moja liswali na imamu, na jingine lisimame kulinda, kisha wabadilishane. Hofu ikizidi, Suratul-Baqara aya ya 239 imeruhusu kuswali kwa kutembea au juu ya kipando.

Tazama basi, ewe msomaji, kuwa sheria haikumwambia askari aiache swala mpaka vita viishe, wala haikumwambia aiache zamu yake kwa sababu ya swala. Zamu imewekwa ndani ya swala yenyewe. Kijana aliyefahamu hivyo haoni kuwa ulinzi wa usiku ni wakati uliopotea. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kukesha mpakani usiku na mchana ni bora kuliko kufunga mwezi na kusimama usiku wake, na kwamba jicho lililokesha likilinda katika njia ya Mwenyezi Mungu halitaguswa na Moto.

SOKO LA KAMBINI NA HAKI ZA WATU

Msomaji asidhani kuwa kambi ilikuwa mahema matupu. Tabibu na mwanachuoni Abdul-Latif Al-Baghdadi, aliyeitembelea, anasimulia juu ya soko lake mambo ya ajabu. Maduka yaliyoandikwa kwa msimamizi wa soko yalifika 7,000. Mafundi wa kutibu farasi na kuwavisha vyuma vya kwato walikuwa na maduka 140. Kwa mpishi mmoja tu aliona masufuria 28, kila moja likichukua vichwa tisa vya kondoo. Watu wa Maghrib walichimba ardhi dhiraa mbili, maji yakatoka, wakajenga birika la udongo, wakazungushia mikeka, wakachemsha maji, na mtu akakoga kwa dirhamu moja au zaidi. Hamamu za namna hii zilizidi 1,000.

Palipo na soko kubwa hivyo pana mitihani ya soko pia. Mtihani mkubwa ulitokea tarehe 21 Shaaban 585 (4 Oktoba 1189). Siku hiyo Mafaranji walishambulia kwa nguvu zao zote, na sehemu ya upande wa kulia wa Waislamu ikavunjika. Baadhi ya waliokimbia hawakusimama mpaka walipofika mbali. Sultani alithibiti na watu wachache, akalikusanya jeshi, na siku ikaisha kwa Mafaranji kuuawa kwa wingi. Lakini watu waliporudi katika mahema yao waliyakuta matupu. Watumishi na wahuni wa kambini, walipodhani kuwa jeshi limekwisha, walipora mali za mabwana zao wenyewe wakaenda zao.

Sultani alifanya nini? Aliamrisha wafuatwe, na kila kilichoporwa kikusanywe mbele ya hema lake. Mali ikawa rundo kubwa: nguo, matandiko, mifuko, silaha. Kisha akaketi mwenyewe, na kila aliyekitambua kitu chake akala kiapo akakichukua. Ibn Shaddad, aliyehudhuria, ameusifu sana upana wa kifua cha Sultani siku hiyo.

Tumekileta kisa hiki kwa sababu ya hukumu iliyomo. Mali ya Muislamu haiwi ngawira kwa kuwa imeporwa katika fujo za vita, na umiliki wa mwenyewe hauondoki kwa mkono wa mporaji. Asiye na ushahidi wa kuandikwa katika hali kama ile alikubaliwa kwa kiapo chake kwa kitu asichogombania mwingine. Kijana amiri aliyesimama pale aliona jambo ambalo pengine halioni katika kitabu: siku chache tu baada ya vita vikubwa, na adui yuko umbali wa kusikiana sauti, mtawala wa Misri na Sham ameketi kutwa nzima kurudisha shuka na mfuko wa mtu asiyejulikana.

AMANA YA MWOGELEAJI NA KIJANA WA DAMASHQI

Njia za kuingia mjini zilipofungwa, habari zilipelekwa kwa njiwa na kwa waogeleaji. Mmoja wao aliitwa Isa. Alikuwa akiingia baharini usiku, anapiga mbizi chini ya meli za Mafaranji na kutokea upande wa pili, akiwa amejifunga kiunoni barua na pesa. Akifika salama, mjini hurushwa njiwa kuleta habari. Usiku mmoja wa mwaka 586 alijifunga mifuko mitatu yenye dinari 1,000 pamoja na barua za askari, akaingia majini. Njiwa hakuja. Watu wakajua kuwa amekufa. Baada ya siku chache watu wa Akka waliona maiti imetupwa na mawimbi ufukweni. Walipoitazama walimkuta ni Isa, na kiunoni mwake dhahabu na barua zingalipo. Dhahabu ile ilikuwa mishahara ya mujahidina. Ibn Shaddad anastaajabu kuwa hajapata kusikia mtu aliyefikisha amana akiwa hai na akaifikisha akiwa maiti.

Wa pili ni kijana wa Damashqi, mtoto wa wahunzi wa shaba. Mwaka 586 Mafaranji walijenga minara mitatu ya mbao yenye magurudumu, mirefu kuliko kuta za mji, wakaifunika ngozi zilizoloweshwa siki isishike moto. Mafundi wa nafta walijaribu wakashindwa. Kijana huyu, ambaye hakuwa askari wala amiri, aliomba aingizwe mjini, akachanganya dawa anazozijua, akazitia katika vyungu, na vikarushwa kwa manjaniki. Mnara wa kwanza ukawaka, kisha wa pili, kisha wa tatu. Hiyo ilikuwa tarehe 28 Rabiul-Awwal (5 Mei 1190), na siku hizo ndizo alizowasili Al-Dhahir kutoka Halab, hata baba yake akaona ujio wake ni bishara njema. Ibn Al-Athir anaeleza kuwa yule kijana alipopewa mali nyingi na iqta alikataa kuchukua hata punje, akasema alilifanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Iqta aliyoikataa kijana huyu ndiyo iqta ile ile ambayo wengine waliihesabu kila mwezi, na kwa ajili yake wakaichoka kambi.

ULIMI, DAMU NA MOYO WA KIJANA

Katika kukaa muda mrefu karibu na adui, watu wa pande mbili walizoeana. Ibn Shaddad anasimulia kuwa wapiganaji walifikia kuzungumza, wakiacha kupigana kwa saa, wengine wakiimba na wengine wakicheza, kisha wanarudi kupigana. Siku moja walisema: wakubwa wamepigana vya kutosha, wacha wadogo nao wapigane. Wakatolewa vijana wawili wa mjini na wawili wa Mafaranji. Mmoja wa Waislamu akamkamata mwenzake, na Faranji mmoja akamkomboa mateka yule mdogo kwa dinari mbili.

Msomaji atacheka, na waliokuwapo walicheka. Lakini ndani yake pana hatari. Vita virefu hufanya moja ya mawili katika moyo wa kijana: ama humfanya aone kuua ni mchezo, ama humfanya achoke asijali lolote. Salahuddin aliiona hatari ya kwanza. Mwaka 587 waliletwa mbele yake Mafaranji 45 waliotekwa upande wa Beirut, na mmoja wao alikuwa mzee hana jino hata moja. Sultani akamuuliza, kwa mkalimani, nini kilichomleta katika uzee huu, na nchi yake iko mbali kiasi gani. Mzee akajibu kuwa kwao ni mwendo wa miezi, na amekuja kuzuru kanisa lao la Baitul-Maqdis. Sultani akamhurumia, akamwachia huru, akampandisha farasi arudi kwa wenzake. Hapo wanawe wadogo wakamwomba awape ruhusa ya kumuua mateka mmoja. Akakataa. Kadhi alipomuuliza sababu, alimweleza kuwa hataki wazoee kumwaga damu utotoni wakaiona kitu chepesi, na wao bado hawajui kupambanua kati ya Muislamu na asiyekuwa Muislamu.

Maneno haya yanastahili kufundishwa. Mateka alikuwa wa adui, na watoto walikuwa wa Sultani, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini yeye hakutazama hukumu ya mateka peke yake, alitazama pia mkono utakaoua na moyo wa mwenye mkono huo kesho na keshokutwa.

Kisa cha pili kinashabihiana na hiki. Wezi wa Kiislamu walikuwa wakiingia usiku katika mahema ya Mafaranji, na usiku mmoja wakamchukua mtoto mchanga wa miezi mitatu. Mama yake alilia mpaka wakubwa wao wakamwambia aende kwa Sultani, kwani ni mtu mwenye huruma. Akaja, akajigaragaza udongoni mbele ya farasi wake. Sultani machozi yakamtoka, akaamrisha mtoto atafutwe. Wakakuta ameshauzwa sokoni. Akatoa thamani yake kwa aliyemnunua, akangoja mpaka mtoto akaletwa, mama akamnyonyesha, na wakarudishwa kwao juu ya farasi. Ibn Shaddad alikuwapo akitazama, na watu wakilia.

UCHOVU WA MAAMIRI NA MWISHO WA MJI

Sasa tufike katika upande wenye uchungu. Baada ya vita vya Shaaban 585 Sultani alitaka adui ashambuliwe upesi kabla bahari haijamletea msaada. Maamiri walisema kuwa watu wako chini ya silaha kwa siku 50, farasi wamechoka, na mizoga imeharibu hewa. Sultani mwenyewe alikuwa mgonjwa. Jeshi likarudi nyuma mpaka Al-Kharruba, na Mafaranji wakapata nafasi ya kuchimba handaki na kujenga boma. Ushauri ule haukuwa wa woga, ulikuwa wa uchovu, lakini handaki lile halikuvukwa tena.

Mwaka uliofuata habari zilikuja kuwa mfalme wa Wajerumani anakuja kwa nchi kavu, na majeshi ya kaskazini yakarudishwa kulinda miji yao, Al-Dhahir akiwa miongoni mwa waliorudi. Kambi ikapungua. Kisha wakaanza walioomba ruhusa. Muizzuddin Sanjar Shah, mtawala wa Jazirat Ibn Umar, aliomba ruhusa akanyimwa. Siku ya Idd-al-Fitr ya mwaka 586 aliingia kumwamkia Sultani, akaubusu mkono wake, akatoka, akaondoka na askari wake moja kwa moja. Taqiyyuddin Umar, mwana wa nduguye Sultani, alikutana naye njiani katika mteremko wa Fiq, akamrudisha kwa nguvu kuomba msamaha.

Jambo lililouangamiza mji lilikuwa dogo zaidi ya hilo kwa sura yake. Majira ya baridi bahari ilipochafuka na meli za Mafaranji kuondoka, ilipatikana nafasi ya kubadilisha walinzi wa Akka waliochoka. Ilikuwa shauri la haki. Lakini Ibn Al-Athir anaeleza kuwa waliotoka walikuwa na maamiri 60, na walioingia walikuwa na maamiri 20 tu. Watu waliona uzito kuingia, na waliosimamia orodha na mishahara wakawasumbua waliojitokeza. Siku zikapita katika kuchelewa huku, bahari ikatulia, meli za adui zikarudi, mlango ukafungwa. Sayfuddin Al-Mashtub aliingia mwezi wa Muharram 587 kuwa mkuu wa kikosi pungufu. Majira ya joto yakawaleta wafalme wa Ufaransa na Uingereza na manjaniki zao. Watu wa mjini walipigana bila ya zamu ya kupokezana, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwapokea. Maamiri watatu walitoroka usiku kwa mashua. Tarehe 17 Jumadal-Akhira 587 (12 Julai 1191) mji ukasalimu amri.

Masharti yalikuwa dinari 200,000, kuachiwa mateka 1,500 na wengine 100 waliotajwa kwa majina, na kurudishwa msalaba wao. Pande mbili zikabishana juu ya nani atangulie kutekeleza na kwa dhamana gani. Tarehe 27 Rajab (20 Agosti) mfalme Richard wa Uingereza aliwatoa mateka wa Kiislamu uwandani wakiwa wamefungwa kamba, akawaua. Ibn Shaddad anawakadiria kuwa 3,000, na barua ya Richard mwenyewe inataja 2,600 hivi. Watu hao walikuwa wametoka mjini kwa mkataba. Damu yao ilikuwa damu ya khiyana.

Uadilifu wa historia unatulazimisha kutaja pia kilichofuata. Ibn Shaddad hakuficha kuwa katika siku zilizofuata Mafaranji waliotekwa njiani waliletwa mbele ya Sultani wakauawa. Mafakihi wa Kishafii wanampa imamu hiari katika mateka aliyekuwa mpiganaji, kwa kutazama maslaha: kumuua, kumfanya mtumwa, kumkomboa au kumwachia bure. Na Suratu Muhammad, aya ya 4, imetaja kuachia na kukomboa. Kwa hiyo Sultani hakutoka nje ya alichoruhusiwa. Lakini ruhusa si amri, na hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Mateka aliyekamatwa njiani huenda hakuinua upanga siku ya 27 Rajab. Sisi tunaona kuwa Salahuddin aliyemwachia mzee wa Beirut alikuwa juu zaidi kuliko Salahuddin wa siku zile za ghadhabu, na kumpenda mtu mwema si kulificha hili. Kama moyo mpana kiasi kile ulibanwa na vita, itakuwaje moyo wa kijana wa miaka 18 ambaye hakulelewa?

WASIA WA BAITUL-MAQDIS

Mwezi wa Ramadhani mwaka 588 (1192), baada ya suluhu, Al-Dhahir alikuwa kwa baba yake Baitul-Maqdis, akitaka kurudi Halab. Ibn Shaddad alihudhuria mazungumzo yao ya usiku, na akauhifadhi wasia wa Sultani kwa mwanawe. Hakumuusia juu ya manjaniki wala mahandaki. Alimuusia amche Mwenyezi Mungu, kwani hiyo ndiyo asili ya kila kheri. Akamtahadharisha na damu, asiingie ndani yake wala asijipambe nayo, kwa kuwa damu hailali. Akamwambia azihifadhi nyoyo za raia na za maamiri, kwani yeye mwenyewe alifika alipofika kwa kuzipoza nyoyo za watu. Na akamkumbusha kuwa haki ya Mwenyezi Mungu husamehewa kwa toba, lakini haki za watu hazisamehewi ila kwa ridhaa yao.

Kila jambo katika wasia huo tumeshaliona kambini: katika rundo la mali zilizorudishwa kwa wenyewe, katika mateka ambaye watoto walikatazwa kumuua, katika maamiri ambao nyoyo zao zilichoka. Ukarimu huo Sultani aliutoa hata katika ibada. Siku za Ramadhani zilizompita kwa sababu ya maradhi zilikuwa zimeandikwa na Al-Qadhi Al-Fadhil, na huko Baitul-Maqdis alizilipa, tabibu akimlaumu kwa hali ya mwili wake. Miezi michache baadaye, tarehe 27 Safar 589 (4 Machi 1193), alifariki dunia, na katika hazina yake zilikutwa dirhamu 47 na kipande kimoja cha dhahabu.

Al-Dhahir aliitawala Halab mpaka alipofariki mwaka 613, na alimchukua Ibn Shaddad awe kadhi wake. Yule kadhi wa kambini akabaki karibu na yule kijana, na huko Halab akajenga madrasa, akasomesha mpaka alipofariki mwaka 632.

Ndugu zetu maimamu na wanafunzi, vijana tulio nao mikononi mwetu hawapo Akka, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa amani. Lakini kila kijana ana zamu yake: msikiti aliokabidhiwa ufunguo, mfuko wa mayatima anaoushika, darasa la watoto analolisomesha kwa ujira mdogo, mwaka wa kwanza na wa pili na wa tatu. Akka ilishikwa na watu kama Isa, aliyefikisha amana ambayo hakuna aliyemwona akiibeba, na ilipotea mahali pa maamiri 40 ambao hawakuingia. Basi tuwalee juu ya kukaa mahali pao, na tusiwacheleweshee haki zao wale wanaojitokeza, kwani katika kuchelewa kule mlango wa bahari ulifungwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awasamehe makosa yao na yetu, atuhifadhie vijana wetu, azitakase nyoyo zao na mikono yao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutekeleza amana. Wa-sallallahu ala sayyidina Muhammad, wa ala alihi wa sahbihi wa sallam. Wabillahi tawfiq.